Kanidhalilisha mbele ya mama mkwe, katikati ya bahari, tena kwa maiki! Wana Dodoma njooni

Baba Wawili:
Wakuu salaam. Mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa safari za likizo, huu ni wa damu.

Naandika nikiwa Nkuhungu, nchi kavu, zaidi ya mita elfu moja juu ya hiyo bahari, na bado sakafu inanipeleka kushoto na kulia. Jina simtaji. Kila mtu Dodoma anamjua, kuanzia Ihumwa mpaka Kizota. Yule wa kofia. Yule anayeweka "Familia Kwanza" kwenye status kabla jogoo hajawika. Ndiye aliyetuchangisha kidogo kidogo tangu mishahara ilipotoka mpaka ilipokauka, twende Durban tukapande meli ya kitalii na wake zetu, watoto na wakwe, tuzunguke upande wa Msumbiji, turudi watu wapya.

Meli sina ugomvi nayo. Meli ni mtaa mzima: lifti, ukumbi wa maonyesho, watoto wana sehemu yao na walezi wao, unawaacha asubuhi wanakusahau kabisa. Chakula unachota mwenyewe mpaka unaona aibu. Soda tu ndiyo inauzwa kama dawa ya kansa. Siku ya kupanda tulifanyishwa mazoezi ya kujiokoa, king'ora, maboya ya kuvaa, mama mkwe akalivaa la kwake mpaka usiku wa manane. Sawa.

Kesho yake ndiyo ile siku ya baharini kutwa. Meli haitii nanga popote, ni maji huku, maji kule, kazi yako kula na kuogelea. Mchana tukapanda deki ya juu, kwenye bwawa. Binti mshereheshaji wa meli anaita familia moja moja, mnasema mmetoka wapi, watu wanapiga makofi. Wa Johannesburg, makofi. Wa Maputo, makofi. Ikafika zamu yetu. Nikavuta tumbo ndani, nikamshika mtoto mkono.

Huyu bwana akamnyang'anya binti maiki.

Akaanza na salamu yetu ya Kigogo, "Mbukwenyiii", kwa ile sauti ya kuigiza. Halafu akasema, nanukuu: "Ndugu zangu wa Dodoma, hayo maji ni ya kuogelea. Msiyachote. Madumu yabaki chumbani."

Watanzania wakacheka. Hilo ningelimeza, ni utani, tumezoea. Lakini jamaa AKATAFSIRI. Aligeuka kwa wenyeji wa Durban, akatafsiri kwa Kiingereza, polepole, na vitendo juu, akaonyesha mtu anavyojitwisha dumu kichwani huku shingo inatetemeka. Deki nzima ikalipuka. Kuna mzee wa Kihindi alitoka majini ili acheke vizuri.

Na mama mkwe! Mama huyu tangu nitoe posa hajawahi kucheka utani wangu hata mmoja. Siku hiyo alicheka akashikilia nguzo, boya shingoni.

Jioni tumekaa mezani, mhudumu Mfilipino, kijana mpole tu, kainama na jagi: "Mister Dumu, maji?"

Mister Dumu. Baharini. Na nauli nimelipa mwenyewe.

Na huyo anayetucheka kakulia hapahapa, anaoga kwa kopo mpaka leo, tenki lake lina utando wa buibui! Alitafsiri, wakuu. Nani alimwomba atafsiri?

Nataka aombe radhi. Kwa maiki. Na atafsiri.

Zege la Chang'ombe:
Uzi bila picha ni chai. Leta picha ya mama mkwe na boya.

Shangazi wa Makole:
Pole mwanangu. Ila nimecheka mpaka maharage yameungua. "Shingo inatetemeka" 😂😂

Mlinzi wa Zamu:
Wa kofia huyu? Anayekunywa supu Majengo halafu anasahau pochi?

Baba Wawili:
Huyo huyo.

Mlinzi wa Zamu:
Basi we shukuru alikupeleka. Sisi alituchangisha kwenda Zanzibar, tukaishia Morogoro kuangalia milima. Akasema "na huku kuna upepo".

Binti Mzabibu:
Samahani, kuna kitu hakijakaa sawa. Mimi nilikuwa safari hiyo. Kaka, hebu waambie wenzio ulibeba nini bandarini Durban, walinzi wakakusimamisha.

Baba Wawili:
Hilo halihusiani na mada.

Binti Mzabibu:
Wakuu, alibeba DUMU. La njano. Lina maandishi ya mafuta ya kula.

Baba Wawili:
Lilikuwa la lita tano, la lita tano ni galoni siyo dumu! Na ndani ilikuwa juisi ya ubuyu ya watoto, walinzi wakainyang'anya kwa sababu vinywaji vya nje haviruhusiwi. Hata mimi nimeonewa hapo. Na hata kama lingekuwa la lita ishirini, linampa mtu ruhusa ya KUTAFSIRI?

Zege la Chang'ombe:
Mister Galoni.

Shangazi wa Makole:
😂😂😂 maharage ya pili yameungua

Nahodha Mstaafu wa Bahi:
Nimefanya kazi melini miaka mingi kabla sijarudi kulima mtama, niwaelimishe. Kwanza, sakafu kukuchezea ukishashuka ni kawaida, inaisha yenyewe. Pwani ile ina mkondo wa Agulhas unashuka kwa nguvu kuelekea kusini-magharibi. Upepo wa kusini-magharibi ukikutana nao uso kwa uso, mawimbi yanasimama wima na tumbo linafuata. Pili, mabwawa ya melini mara nyingi hujazwa maji ya bahari. Ungechota usingefulia hata soksi. Maji yasiyo na chumvi, ya kunywa na kuoga, meli inatengeneza yenyewe: inachemsha ya bahari kwa joto la injini, au inayasukuma kwa nguvu kwenye chujio, chumvi inabaki nyuma.

Mlinzi wa Zamu:
Yaani meli inatengeneza maji yake, sisi makao makuu ya nchi tunasubiri mgao?

Kaka wa Kisasa:
Meli ina bahari chini yake ndugu. Sisi tuna visima na mvua ya miezi michache, basi. Tena cha kwangu maji yake na hilo bwawa hayana tofauti, sabuni haitoi povu, chai inakuwa supu.

Mama Ada:
Nyie mnalilia dumu. Mume wangu alikwenda safari hiyohiyo na huyohuyo wa kofia. Meli ilipotoka tu kwenye maji ya nchi, kasino ikafunguliwa. Kasino ikafunguliwa, ada ya shule ikafungwa. Na nani alimwonyesha njia ya kasino? Hamuulizi!

Baba Wawili:
Pole dada, ila uzi ni wa kwangu.

Mama Ada:
Uzi ni wa wote tulioumizwa.

Mgeni Njoo:
Habari wakuu, mimi ni mgeni hapa. Kwani mlilipa kiasi gani kwa mtu mmoja, na anapokea kwa awamu? Natafuta safari ya Desemba, nina mama mkwe pia.

Baba Wawili:
WEWE UMESOMA NILICHOANDIKA?

Mgeni Njoo:
Nimesoma. Mama mkwe wako alicheka. Wa kwangu hajacheka tangu harusi. Naomba namba ya huyo jamaa.

Shangazi wa Makole:
Hahaaa mgeni karibu sana, utakaa nasi.

Mlinzi wa Zamu:
Jamani mwenye kofia yuko mtandaoni saa hizi, naona kijani kwenye jina lake. Anasoma huyu.

Baba Wawili:
Asome! Na atafsirie wenzake!

Zege la Chang'ombe:
Mimi nasimama na wa kofia. Mtu kakuondoa kwenye vumbi la Nkuhungu, kakufikisha kwenye meli yenye lifti, umelala kwenye shuka nyeupe, umekula mara sita kwa siku, unarudi kulia sababu ya dumu? Wengine bahari tunaiona kwenye kalenda.

Baba Wawili:
Nauli nimelipa mwenyewe! Halafu wewe hukumuona anavyotingisha shingo. Alirudia mara ya pili kwa waliokuwa nyuma.

Binti Mzabibu:
Mara ya pili ilikuwa kwa ombi la mama mkwe wako. Uwe mkweli.

Kaka wa Kisasa:
Eeh! Hii sasa kesi ya ukoo.

Tukirudi kwenye maji, kuna mtu anajua simtanki la lita 2,000 limefika bei gani hapa mjini? Boza wanaokuja kwangu wananinyonya, na kamwe hawaji siku niliyowaita.

Nahodha Mstaafu wa Bahi:
Usinunue lita 2,000 kama stendi yako ni ya mbao. Maji lita moja ni kilo moja, hapo umeweka tani mbili juu ya kichwa cha nyumba.

Kaka wa Kisasa:
Stendi nataka ya chuma. Nimeambiwa kuna fundi Kizota.

Mama Ada:
Yule mwenye pikipiki ya bluu? Usimpe hela yote! Kanichomelea geti linafungukia ukutani. Nikimwita anasema ukuta ndio ulijengwa vibaya.

Mlinzi wa Zamu:
Kumbe ni yeye! Kwangu kachomelea madirisha, paka anapita na mkia wake umesimama.

Baba Wawili:
Wakuu, tumetoka kwenye mada. Alitafsiri kwa Kiingereza.

Shangazi wa Makole:
Subiri kwanza mwanangu. Mama Ada, huyo fundi ana kibarua mfupi anaitwa kwa mluzi? Maana kuna mtu ameshika hela yangu ya mabati tangu kiangazi.

Mama Ada:
Huyo huyo dada. Njoo inbox.