Fundi aliniambia madabodi imekufa bila kupima chochote, kisha akataka kuninunulia kompyuta kwa bei ya vipuri

Ndugu zangu, habari za leo. Nina hasira, lakini nitaeleza jambo hili hatua kwa hatua, kwa sababu nataka mafundi wa kompyuta walisome na wanisahihishe kama kuna mahali nimekosea.

Jumatatu jioni umeme ulikatika na kurudi mara tatu mtaani kwetu, na kompyuta yangu mpakato ilikuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja. Uliporudi mara ya tatu, taa ya chaja ilikuwa imezimika, ila kompyuta yenyewe haikuzimika. Niliendelea na hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa kwa karibu saa mbili hadi betri ikaisha, na tangu hapo haikuwaka tena. Nilipochomeka chaja ukutani peke yake, taa iliwaka. Kila nilipoingiza pini yake kwenye kompyuta, taa ilizimika papo hapo. Naomba myashike hayo mawili, yaani kwamba mashine ilifanya kazi kwa betri baada ya umeme kuleta hitilafu, na kwamba chaja ilizimika ilipogusana na mashine tu, kwa sababu yote nilimweleza fundi kwa kinywa changu akiwa amesimama mbele yangu.

Duka liko Kariakoo, na jina silitaji. Fundi alichomeka, akaona taa imezimika, akasema, "Mama, chaja imekufa," akaniuzia nyingine kwa shilingi 45,000. Hiyo nayo ilizimika vilevile. Hapo ndipo kazi ya ufundi ilipopaswa kuanza, maana chaja mbili zinazowaka zikiwa peke yake na kuzimika zikiunganishwa na mashine ileile si mbovu: zinajilinda, kwa kuwa ndani ya mashine kuna shoti, yaani umeme unapita njia ya mkato bila kizuizi. Yeye hakugusa testa, kile kifaa cha kupimia umeme. Aliifungua, akapuliza hewa ya moto juu ya chipu kubwa kwa dakika kadhaa, kisha akatamka kwamba madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imekufa, kwamba nyingine ni shilingi 450,000, na kwamba kama sina uwezo huo yuko tayari kuichukua ilivyo kwa shilingi 100,000. Juu ya hayo akanitoza shilingi 30,000 za uchunguzi.

Ni uchunguzi gani huo ambao hauna hata kipimo kimoja?

Nilikataa kuiuza. Jumatano niliipeleka Temeke kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na televisheni barazani kwake. Kabla ya kushika bisibisi aliniuliza, "Mwanangu, baada ya chaja kukataa, iliwahi kuwaka kwa betri?" Nilipomjibu kuwa ilifanya kazi saa mbili nzima, akasema basi madabodi inaishi, na ubovu uko kwenye njia ya kuingizia umeme wa chaja, kabla haujafika kwingine. Alipima chaja yangu ya zamani akapata volti 19.5, yaani ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kisha akapima ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, kati ya chanya ya tundu la chaja na hasi, testa ikasoma omu 0.4, mahali ambapo kwa mashine nzima alitarajia maelfu ya omu. Akaingiza umeme mdogo wa volti 1 tu ili asiunguze kitu kingine, akapaka spiriti eneo lile, nasi tukatazama inakaukia wapi kwanza, maana penye shoti hupata joto. Ilikauka juu ya kapasita moja, kijisehemu cha kuhifadhi chaji ya umeme, ndogo kuliko punje ya mchele, karibu kabisa na tundu la chaja. Aliing'oa, akapima tena, shoti ikawa imeondoka. Akaweka nyingine ya ukubwa na volti zilezile kutoka kwenye madabodi chakavu, na taa ya chaja ikabaki inawaka. Nilimlipa shilingi 25,000, na kazi yote haikufika saa moja.

Kukosea si lalamiko langu kubwa dhidi ya yule wa Kariakoo, kwani kila fundi hukosea. Linaloniuma ni kwamba mtu anayetamka mashine imekufa ndiye huyohuyo anayesimama tayari kuinunua, na mteja asiyejua chochote kuhusu shoti hana namna ya kumbishia. Mwanafunzi wa chuo angemwachia pale kompyuta pamoja na kazi zake zote zilizomo. Tena ile hewa ya moto haikuwa na sababu yoyote, na inaweza kulegeza risasi ya kulehemu iliyo chini ya chipu, hivyo sijui nitaipata hasara hiyo mwezi gani. Skrubu mbili za mfuniko nazo hazikurudi.

Alhamisi nilirudi dukani. Mwenye duka alinijibu kwamba kazi ya kufungua mashine ilifanyika na fedha hairudishwi. Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa kikaratasi cha mkono, ambacho ninacho hadi sasa. Nadai shilingi 75,000: za chaja, ambayo bado iko kwenye boksi lake, na za uchunguzi ambao haukufanyika. Nikinyimwa tena Jumatatu, nitaandika barua kwa Tume ya Ushindani, inayoshughulikia haki za walaji. Kama kuna aliyewahi kupeleka kwao lalamiko la aina hii, naomba anieleze alianzia wapi na alitakiwa kuambatisha nini.