MREJESHO: Yule wa chipsi Mbagala aliyetaka kufunga banda
Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza mwezi uliopita kama nifunge banda la chipsi maana mafuta yamepanda na wateja wamepungua. Sijafunga bana. Aliyesema niache kupandisha bei nianze kupima chipsi za buku (elfu moja) Mungu ambariki, bodaboda wamerudi, kisahani kidogo kachumbari ya kutosha, mayai natoa kwa anayetaka zege (chipsi mayai) tu. Ila kumbe kilichokuwa kinaniua ni madeni, daftari lina watu 14 na mmoja shemeji yangu kabisa (huyo nishasamehe), siku hizi keshi au lipa namba. Gunia la viazi nachanga na jirani wa mihogo. Kinachonitoa jasho ni kodi, mwenye eneo anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, hapo nakaribisha mawazo.