Ushauri: nimekwama kwenye riwaya ya vampaya na mapenzi ya enzi za Malkia Victoria

Msomaji wa Usiku:
Habari za jioni wapendwa. Rafiki yangu kaniazima *Soulless* ya Gail Carriger, iliyotoka 2009. Yeye alicheka mpaka machozi. Mimi nimesoma sura nzima ya kwanza, sijatabasamu hata mara moja. Alexia, mhusika mkuu, binti ambaye hajaolewa, kajificha maktaba kwenye sherehe ya watu, kaagiza chai, vampaya anamrukia shingoni, naye kinachomuudhi ni kwamba hawajatambulishwa! Mtu anataka kukunyonya damu, wewe unadai adabu? Tumeahidiana kukijadili na natamani kweli kukipenda. Niendelee au nikirudishe?

Bi Kurasa:
Dada, hapo hapo ulipokereka ndipo penye kichekesho. London ya wakati ule mwanamume hakumsemesha binti wa tabaka la juu hivi hivi. Lazima apatikane mtu wa kuwatambulisha. Sasa huyu hata jina hajataja, keshatoa meno! Tena anaangukia meza ya chai na kuharibu kitafunio. Kumbuka Alexia alikuwa na njaa, kwenye dansi hakukuwa na chakula. Rudia taratibu uone anavyokisikitikia katikati ya purukushani.

Babu Maktaba:
Mjukuu wangu, na hayo ya kutoolewa yaelewe vizuri. Hadithi iko miaka ya 1870. Kuolewa nako hakukuwa rahisi: Uingereza, sheria ya 1870 ndiyo iliyomwachia mke mapato ya kazi yake, na mpaka 1882 ndipo akapata haki kamili ya kumiliki mali yake. Kwa binti wa tabaka la Alexia, kufanya kazi ya mshahara ilikuwa aibu. Lakini asipoolewa anakula kwa wazazi mpaka uzeeni. Mama yake alishamkatia tamaa kwa sababu ya pua kubwa na rangi ya ngozi aliyorithi kwa marehemu baba yake Mwitaliano. Mimi ukurasa ule uliniuma.

Kipepeo:
Fuatilia ugomvi wake na Lord Maccon, yule Mskoti anayegeuka mbwa mwitu. Alexia hana roho, kwa hiyo akimgusa vampaya meno yanarudi ndani, na akimgusa Maccon anabaki mwanamume wa kawaida. Hebu fikiria kupendana na mtu ambaye mkono wake tu unakurudishia ubinadamu! Kwangu hilo ndilo penzi lenyewe.

Mti Mkavu:
Mimi nasema kitabu si dawa. Ukifika katikati bado hakijakuingia, mrudishie mwenyewe na umweleze ukweli.

Msomaji wa Usiku:
Asanteni sana. Nimeirudia ile sehemu ya maktaba kwa sauti ya chini, mdogo wangu kalala pembeni. Nilipofika kwenye kile kitafunio nimecheka mpaka kaamka, kaniuliza nini. Ikabidi nimsimulie tangu mwanzo. Sasa tunasoma wawili, tuko sura ya tatu. Babu, hiyo sheria ya 1882 iligusa na wajane?