Tupeane uzoefu: mnaouguza mtu aliyeumia uti wa mgongo hapa Mombasa, mlipata wapi wa kuwashika mkono?

Mke wa Kisauni
Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Mume wangu aliumia kwa ajali ya bodaboda, kuanzia kiunoni kwenda chini hana hisia. Wodini nilifunzwa kumgeuza na kuangalia mpira wa mkojo, kisha tukaruhusiwa. Mwanzo watu walijaa kutupa pole. Siku hizi hata hodi siisikii. Wenzangu, mlipata wapi msaada, wa mgonjwa na wa anayemuuguza? Semeni, hata kama ni kidogo.

Bi Mkubwa, Likoni
Pole sana mwanangu. Wangu ni mkwezi, alianguka mnazini. Mtu akikuuliza "tukusaidie nini?", usiishie kwenye "tuombeeni dua". Mpe kazi. Shemeji yangu huja baada ya Isha tumwinue na kumbadilisha shuka. Jirani hufua Jumamosi. Usiku ni zamu: mimi mpaka saa sita, nduguye mpaka alfajiri, kwa sababu mgonjwa wa kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, na hapana mtu mmoja awezaye hilo mwaka mzima.

Na vidonda usivingoje vichimbike. Kila asubuhi washa tochi ya simu umtazame makalio, mfupa wa kitako na visigino. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, basi papasa. Pakiwa na moto au pagumu kuliko pembeni, asipalalie tena mpaka patulie.

Fundi wa Changamwe
Dada, mimi ndiye niliye kitini, kiti cha magurudumu. Nilipokuwa nimelala nyumbani nageukia ukuta, aliyeniamsha ni mwanamume mwingine wa kitini, alikuja kunitembelea akiwa ametoka kazini kwake. Madaktari walikuwa wameniambia mengi, lakini yule nilimwamini.

Mambo ya ofisini: mwandikishe Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Huanza kwa kupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kufanya tathmini hiyo. Akirudi kazini, kuna msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, ila huombwa, hauji wenyewe. Kwa kiti na mazoezi, waulize APDK, shirika la kusaidia watu wenye ulemavu wa viungo Kenya. Wapo tangu 1958 na wana tawi hapa Mombasa. Usikubali kiti chochote tu kwa kuwa ni cha bure. Apimwe nyonga na mapaja, na kiwe na mto wake. Kile cha kusukumia wagonjwa hospitalini si cha kukalia kutwa.

Nesi Mstaafu
Nyongeza kwa wale ambao mgonjwa wao ameumia juu, usawa wa kifua au shingo. Akishikwa ghafla na kichwa kikali, jasho likimtoka usoni, presha huwa imepanda. Mkalishe wima, legeza nguo, tazama kama mpira umejikunja au mfuko umejaa. Isipotulia, hospitali mara moja.

Binti wa Mtongwe
Mamangu ndiye anayemuuguza baba, na aliacha kwenda chama kwa sababu hawezi kumwacha. Kina mama wenzake wakakihamishia kwetu. Wanakaa barazani, wanapika chai, mmoja anaingia kumpa baba maji. Mama ameanza kucheka tena. Dada, una chama?

Mke wa Kisauni
Ninacho, sijawaambia lolote. Nitawapigia leo. Kaka Fundi, huyu bwana hataki kuonana na mtu. Ukija atakufukuza?

Fundi wa Changamwe
Mimi pia nilimfukuza wangu, akarudi. Nitumie namba kwa ujumbe wa faragha, nije Jumapili baada ya adhuhuri. Hapo mlangoni pana ngazi? Kama zipo nitakuja na kijana wa kuninyanyua.

Mke wa Kisauni
Ziko mbili. Namba nimekutumia.