Mjadala: Chumvi ya mvulana, maziwa ya msichana. Wanaouza ratiba hizi wabanwe au waachwe?

Baba Wasichana:

Wakuu, naleta hoja na msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Kuna ratiba za mlo za kuchagua jinsia ya mtoto kabla mimba haijatunga. Je, zihesabiwe kuwa hiari ya watu, au wanaozitoa wabanwe? Mimi nasema wabanwe, na wanaolipisha ndio waanze.

Kwa asiyezijua: mwanamke anapangiwa mlo wa wiki kadhaa kabla ya kutafuta mimba. Anayetaka mvulana anaambiwa ale vyenye sodiamu na potasiamu kwa wingi: chumvi, nyama, ndizi, viazi. Maziwa ayakimbie. Anayetaka msichana anageuza kibao: maziwa, mtindi, jibini, vidonge vya kalsiamu na magnesiamu, na chumvi asiiguse. Hii haikuokotwa njiani. Mwaka 1980 Stolkowski wa Ufaransa na Lorrain wa Kanada waliiandika katika jarida la kitabibu, wakidai takriban asilimia 80 ya wanandoa walipata walichokitaka. Asilimia hiyo ndiyo inayotembezwa mpaka leo. Kisichotembezwa ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu waliopangiwa kwa kura wale kama kawaida ili tuone wao wangepata nini.

Halafu kuna jambo linalonikera zaidi. Mwaka 1905 Nettie Stevens, mwanabiolojia wa Marekani, alichungulia mbegu za kiume za funza wa unga kwa hadubini, akaona za aina mbili. Mwaka huohuo Edmund Wilson, kivyake, akafikia jambo hilohilo kwa wadudu wengine. Leo kila mwanafunzi anajua kwamba yai la mama hubeba kromosomu X (kromosomu ni kifurushi cha vinasaba), na ni mbegu ya baba inayokuja na X, akawa msichana, au Y, akawa mvulana. Sasa niambieni, kwa nini anayepimiwa chumvi ni mama peke yake?

Dada Mdadisi:

Kaka, biolojia yako ni sawa ila umeifunga mapema. Mbegu inabeba X au Y, lakini inapita mwilini mwa nani? Na mimba ngapi hutoka hata mwenyewe hajajua kama alishika? Kama mwili wa mama unaweza kupokea hii na kuiacha ile, siwezi kuapa kwamba chakula hakina mkono hapo.

Mwaka 2008 Fiona Mathews na wenzake huko Uingereza walichunguza wanawake 740 waliokuwa na mimba ya kwanza na ambao hawakujua jinsia ya mtoto. Katika theluthi ya waliokula chakula chenye nguvu nyingi zaidi kabla ya mimba, wavulana walikuwa asilimia 56. Katika theluthi ya chini, asilimia 45. Hao hawakununua ratiba ya mtu. Na tangu 1973 wanasayansi Trivers na Willard walishapendekeza kwamba kwa baadhi ya wanyama, jike lenye afya nzuri huelekea kuzaa madume. Sisemi chumvi inafanya kazi, usinilishe maneno. Nasema swali liko hai.

Mpiga Hesabu:

Dada, swali liko hai, ila ushahidi huo ni mgonjwa.

Katika utafiti huo wa 2008, vyakula vilivyoulizwa vilizidi 130. Kimoja ndicho kilichong'aa, nafaka za kifungua kinywa, na ndicho kilichobebwa na magazeti. Ukijaribu vitu 130 kwa kipimo kinachoruhusu bahati nasibu kupita mara tano katika kila mia, utegemee vitu sita au saba vipite bila sababu yoyote. Watafiti Young, Bang na Oktay waliandika hivyo mwaka 2009 katika jarida lilelile lililouchapisha utafiti huo.

Kuna na utafiti wa Uholanzi, uliochapishwa 2010, unaopendwa na wanaotafuta wasichana. Mlo pamoja na kuhesabu siku. Walioandikishwa ni wanawake 172. Walioingia katika hesabu ya mwisho ni 32. Katika hao, watafiti walisema njia yao ilifaulu kwa kiasi cha wanne kati ya watano. Haya, wale 140 wamekwenda wapi? Wengine waliacha, wengine hawakutimiza masharti. Ukichuja watu kiasi hicho, kinachobaki kwenye chujio sikiamini sana.

Na sasa nije kwenye biashara, maana hapo ndipo kuna utamu. Chukua wanandoa mia wanaotaka mvulana. Duniani huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100. Kwa hiyo bila kula chochote cha ajabu, wanandoa 51 hivi wataimba sifa zako. Mimi kesho nikianza kuuza ushauri wa kulala na soksi za bluu, nitakuwa na mashahidi 51, wenye picha za watoto na machozi ya furaha. Nikitaka kuonekana mwaminifu, naahidi kumrudishia pesa kila aliyekosa. Narudisha nusu, nusu nabaki nayo. Sijafanya kazi yoyote. Na katika wale 49, wengi hata hawatakuja kudai, kwa sababu kila mmoja anakumbuka siku moja aliyovua soksi.

Kijana wa Kando:

Mlo sawa, tumekubali. Ila siku je? Mimi nasikia mkikutana siku yai linapopevuka ni mvulana, mkitangulia ni msichana.

Mpiga Hesabu:

Kuna utafiti wa Wilcox na wenzake, 1995, wanawake 221 waliofuatiliwa siku baada ya siku. Siku ya kukutana haikuwa na uhusiano na jinsia ya mtoto. Ilikuwa na uhusiano na kushika mimba kwenyewe, hilo ndilo la kuchukua hapo.

Mla Bila Chumvi:

Nimesoma kimya tangu juu. Mimi niliifuata.

Nina wavulana watatu, nilitaka msichana, na sioni haya kusema. Wiki tisa. Kwenye mlango wa friji palikuwa na karatasi yenye vijisanduku, asubuhi, mchana, jioni, naweka alama. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni. Nilipika vyungu viwili kila siku, kimoja cha wenzangu na kimoja changu kisicho na chumvi, na mwanangu wa pili alikionja mara moja akaniuliza kama nimeadhibiwa. Vile vidonge vya kalsiamu vilikuwa kama kutafuna chaki, na choo kikawa kigumu mpaka nikawa nakiogopa. Mume wangu alikula chungu chake kama kawaida. Hakuna aliyempa karatasi.

Nilipata msichana.

Ndiyo, nilipata. Aliyeniuzia ratiba akaniandikia akiomba picha ya mtoto na maneno mawili ya ushuhuda. Nikamuuliza, na waliopata wavulana umewaomba picha? Hakunijibu tena.

Sikuuliza kwa ujanja. Mdogo wangu alianza ratiba hiyohiyo wiki moja nami, karatasi ileile, tukipigiana simu kuhesabu siku. Nilikuwa naye siku anajifungua. Mkunga akamwinua mtoto, akasema ni mvulana, mzima kabisa. Mdogo wangu akafumba macho akasema, "Ni ile supu." Kuna siku, katikati ya wiki ya tano, alikuwa amekunywa supu ya chumvi ugenini kwa sababu aliona aibu kukataa. Wote chumbani tulicheka. Yeye hakucheka.

Mkunga Mstaafu:

Mwanangu, asante kwa kusema. Hiyo "ni ile supu" nimeisikia kwa maneno mengine mara nyingi.

Nitasema la kazi yangu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Sasa unamwambia mama anayejiandaa kubeba mimba aongeze, na presha ni mojawapo ya vitu vinavyoua wajawazito. Ukigeuza upande wa pili, kalsiamu ya kujipimia mwenyewe ikizidi inaweza kuleta mawe kwenye figo. Mwenye figo mbovu au presha ambaye hajawahi kupimwa hajijui, na ratiba haimuulizi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kile ambacho ratiba inakisahau. Mlo wa kabla ya mimba upo, na una kazi yake inayojulikana: asidi ya foliki, ambayo ni vitamini, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba kutunga, wakati wengi bado wanadhani siku zimechelewa tu. Hapo ndipo ulemavu wa mgongo wazi huzuiwa. Nimekaa na mama anayetaja miligramu za sodiamu kwa kichwa, nikimuuliza habari ya foliki ananitazama. Na nimekaa na mwingine wa miaka 39 aliyeacha miezi mitatu ipite bila kujaribu, kwa kuwa "mlo ulikuwa haujakolea". Kwa umri huo miezi mitatu si kitu cha kuchezea.

Mtu Mzima Mwenzenu:

Naomba niwe mbaya wenu leo. Mnataka kumbana nani? Watu wazima wawili wameamua kula ndizi. Kuna wanaochagua viinitete (mimba changa kabisa) maabara, kuna wanaotoa mimba ya msichana kwa sababu ni msichana. Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2020 kwamba duniani wanakosekana zaidi ya wanawake na wasichana milioni 140, kwa sababu ya kupendelea wavulana na kuwatelekeza wasichana. Mbele ya hayo, mtindi una kosa gani? Tena afadhali wajifurahishe na mtindi.

Dada Mdadisi:

Hapo mkuu umenigusa. Na niongeze moja kwa wapiga hesabu: utafiti wa 2025 wa wauguzi 58,007 wa Marekani ulionyesha kwamba aliyekwisha kupata wavulana watatu ana uwezekano wa asilimia 61 wa kupata wa nne mvulana, na mwenye wasichana watatu asilimia 58 ya kupata msichana mwingine. Kwa hiyo sarafu huenda haiko sawa kila nyumba.

Mpiga Hesabu:

Nakubali, na ni utafiti mzuri. Soma lakini walichokikuta kikiendana na hilo: umri wa mama alipoanza kuzaa, na dalili za kurithi. Umri wake haubadiliki kwa kula jibini.

Mkunga Mstaafu:

Nimjibu Mtu Mzima. Sisemi mtindi unaua. Nasema ukishamwambia mwanamke kwamba mlo ndio unaoamua, siku ya kujifungua ataulizwa alikula nini. Akiwa na bahati atajiuliza mwenyewe. Asipokuwa nayo, watamuuliza mume na ndugu wa mume. Kosa ambalo Stevens alimwondolea mwaka 1905 tunamrudishia kwa kijiko.

Baba Wasichana:

Nimewasoma. Naondoa neno "wabanwe" kwa wanaoambizana jikoni, dada kwa dada. Kwa anayelipisha nabaki nalo, na sharti langu ni moja: akitoa picha za waliopata, aweke pembeni idadi ya waliokosa na walioishia njiani. Na ratiba ya mume iwemo, tuone wangapi watanunua.

Mtu Mzima Mwenzenu:

Sharti la idadi nalikubali. La mume hilo hutauza hata moja.

Kijana wa Kando:

Mla Bila Chumvi, samahani kwa kuuliza. Yule mtoto wa mdogo wako anaendeleaje?

Mla Bila Chumvi:

Ana miaka minne, hatulii. Mama yake anampenda kupita kiasi. Supu ile hajaipika tena.