Lascaux haiingiliki: nimpeleke mama Rouffignac, Font-de-Gaume au Pech Merle?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu, habari zenu. Nipo Lyon, Ufaransa. Mwezi wa sita mama anakuja kututembelea kutoka Tanga, na ombi lake ni moja tu: awaone wale mafahali waliochorwa na watu wa kale kwenye pango la Lascaux. Aliwaona kwenye televisheni. Amekulia jirani na mapango ya Amboni, kwa hiyo kwa mapango humwambii kitu.

Nimefuatilia, pango lenyewe limefungwa tangu 1963. Kinachoonyeshwa ni nakala. Nimebakiwa na majina matatu ya mapango halisi, hayo ya kwenye kichwa cha uzi. Mama ana miaka 67, goti la kulia linamsumbua, na tutakuwa na watoto wawili, wa miaka 5 na 9. Mliofika naomba mnilinganishie.

Mkazi wa Périgueux
Karibu huku kwetu, mkuu. Kwanza mweleze mama kwa nini limefungwa, asije akadhani ni ukiritimba tu. Lilifunguliwa kwa watalii 1948, na miaka michache baadaye walikuwa wanaingia watu kama 1,200 kwa siku. Pumzi zao na joto la miili likabadili hewa ya ndani, kuta zikaanza kuota ukijani, na kwingine chokaa nyeupe ikawa inatanda. Michoro imekaa salama kama miaka 17,000, halafu ikaanza kuharibika ndani ya miaka 15. Kulifunga ilikuwa haki kabisa.

Kwa goti hilo, nenda Rouffignac. Mnapanda kitreni cha umeme kinachoingia kama kilomita moja ndani ya mlima, mama amekaa tu. Njiani, pembeni ya reli, mtaona mashimo ya duara kwenye udongo. Ni malalo ya dubu wa kale, humo ndimo walimolala msimu wa baridi, na mikwaruzo ya kucha zao bado ipo ukutani. Baadaye wanaanza mamothi, tembo wale wenye manyoya. Wako zaidi ya 150. Mwisho mnashuka chini ya dari lililojaa wanyama. Zamani sakafu ilikuwa juu sana, karibu iguse dari, kwa hiyo mchoraji alifanya kazi akiwa amelala chali, na mnyama mzima hakuweza kumwona kwa mara moja. Leo sakafu imechimbwa, sisi tunawaona wote. Nilisimama pale mpaka mwongozaji akaniita.

Ndani ni nyuzi 13 mwaka mzima. Mama abebe sweta, na khanga ya kujifunika magotini kwenye kitreni.

Dada wa Bordeaux
Mkazi, yote sawa, ila hujamwambia kwamba Rouffignac haina rangi. Ni mistari myeusi na michoro iliyochongwa kwa vidole na mawe. Mama amependa Lascaux kwa ule wekundu na umanjano. Akitaka rangi kwenye mwamba halisi, ni Font-de-Gaume, pale Les Eyzies.

Kuna kulungu wawili wa nchi za baridi. Ukiingia unaona mmoja tu, na mistari isiyoeleweka. Mwongozaji akashusha tochi, akaimulika kutoka ubavuni, ndipo tukamwona wa pili amepiga magoti, na yule dume ameinama anamlamba paji la uso. Ulimi umechongwa kwenye jiwe, mwanga wa mbele hauuonyeshi. Nilitokwa na machozi.

Ila mkuu, sikufichi: kuna mwinuko wa kutembea kabla ya kufika mlangoni, na ndani kuna mahali pembamba sana. Wanaingiza vikundi vidogo, tiketi zinakwisha mapema. Mwaka wa kwanza sisi tulikosa.

Mzee wa Toulouse
Pech Merle iacheni kwa safari hii. Iko Cabrerets, mkoa wa Lot, njia nyingine kabisa, na ina ngazi. Nasema hivyo ingawa ndilo pango ninalolipenda kuliko yote. Wale farasi wawili wenye madoadoa wana miaka kama 29,000, na ukingo wa jiwe wenyewe una umbo la kichwa cha farasi, mchoraji akaufuata. Rangi ilipulizwa kwa mdomo. Mtafiti Michel Lorblanchet aliijaribu mbinu hiyo mwenyewe, akawachora upya kwa kutema makaa yaliyosagwa. Mama akiondoka, nenda wewe.

Irangi Halisi
Tena mama akirudi nyumbani, Kolo kule Kondoa ipo. Michoro myekundu, miamba ya wazi, iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Mlima tu ndio wa kupanda, goti lipone kwanza.

Mkazi wa Périgueux
Dada wa Bordeaux kanikumbusha jambo. Kwa rangi, nakala msiidharau. Lascaux IV ilifunguliwa Desemba 2016 chini ya kilima kilekile, Montignac. Fahali mkubwa kuliko wote ana zaidi ya mita 5, na ukubwa huo televisheni haikupi. Ila anzeni na Rouffignac. Akishaona mstari wa mkono wa mtu halisi ukutani, akiingia kwenye nakala atajua anachokitazama.

Mtoto wa Chumbageni
Nimeongea na mama usiku huu, nimemsomea uzi wote. Siku ya kwanza Rouffignac, ya pili Lascaux IV asubuhi. Font-de-Gaume nitajaribu tiketi mbili, ya kwangu na ya mkubwa wangu wa miaka 9, mama atabaki Les Eyzies na mdogo. Mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo. Ameuliza kitu kimoja nimeshindwa kumjibu: kucha za dubu ukutani ziko juu kiasi gani, mtu akisimama anafikia?

Mkazi wa Périgueux
Nyingine zimenipita kichwani, na mimi si mfupi.