Uzi: Kujitoa kwenye mkataba wa kununua nyumba au shamba Kenya, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wadau, ukishatia sahihi mkataba wa mauziano, kubadili mawazo tu hakukutoi. Mlango wa kutokea huandikwa kabla ya sahihi. Mnaoshughulika na mikataba hii, mwageni mnayoyajua.

Mchora Mikataba: Anza na depoziti. Desturi ni 10%, yaani nyumba ya milioni 8 ni laki 8. Iandikwe kwamba wakili wa muuzaji anaishikia pande zote mbili hadi mwisho. Ikiandikwa anaipokea kwa niaba ya muuzaji, mnapoanza kuzozana itakuwa imeshaliwa.

Muda wa kukamilisha kwa kawaida ni siku 90. Ukikwama, masharti ya mauziano ya Chama cha Mawakili yanampa muuzaji nafasi ya kukuletea ilani ya siku 21, yaani notisi ya kukutaka ukamilishe. Zikiisha anavunja mkataba na 10% yako anabaki nayo. Ila ilani hiyo hukata kotekote. Hati za muuzaji zisipopatikana, wewe ndiye unayeitoa, kisha unadai pesa zako. Makosa ninayoyaona kila mara: barua ya malalamiko isiyotaja siku 21, au mnunuzi kutoa ilani ilhali salio lake halijawa tayari. Anayetoa ilani lazima mwenyewe awe tayari kukamilisha.

Afisa Mikopo: “Mkataba unategemea mkopo” haitoshi. Taja benki, kiasi na tarehe ya mwisho, na siku ngapi depoziti irudi mkopo ukikataliwa. Ongeza pia sharti kuhusu thamani ya nyumba. Benki ikitoa 80% ya milioni 8 ni 6.4, lakini mthamini akisema 7, unapata 5.6. Mkopo umeidhinishwa, na bado umepungukiwa laki 8!

Mzee wa Bodi: Kwa shamba, kibali cha Bodi ya Ardhi (Land Control Board, inayoidhinisha mauziano ya mashamba) huombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Kisipopatikana mauziano ni batili na ulicholipa unakidai kama deni. Tahadhari: ukishaingia, ukalima na kujenga, mahakama zimewahi kuyashikilia mauziano kama hayo kwa misingi ya haki. Anayetaka njia ya kurudi asikabidhiwe shamba mapema.

Mchora Mikataba: Na kama uliweka zuio kwenye hati (caution, ya kuzuia shamba au nyumba isiuzwe kwa mwingine), usisaini fomu ya kuliondoa kabla pesa unazorudishiwa hazijaingia benki. Hundi si pesa.